Injini ya petroli kwenye ndege kubwa ya rimoti: kuifunga, kuiseti na kuitafutia hitilafu ukiwa Dodoma

Mji wa Dodoma uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 30, hewa ya hapa huwa nyepesi kiasi kwamba kwa injini ni kama umeipandisha hadi mita 1,900 hivi. Hewa hiyo ni pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko ile ya usawa wa bahari ambayo wahandisi huifanyia hesabu. Ndege ambayo kwa hesabu hizo ingevutwa na propela kwa nguvu mara mbili ya uzito wake, hapa mchana inabaki na mara moja na nusu na kidogo. Itapanda wima bado, itaning'inia kwa propela bado, lakini akiba ya kujiokoa ukikosea karibu na ardhi imepungua.

Nimeanza na hewa kwa sababu hitilafu nyingi ninazozikuta kwenye injini hizi zinatokana nayo. Inapenya kwenye mpira wa mafuta, inapita pembeni ya silinda badala ya kati ya mapezi yake ya kupozea, au aliyeseti kabureta hakuifikiria kabisa. Chuma cha injini chenyewe mara chache sana ndicho kibovu.

Mfano wangu ni ndege ya sarakasi yenye mabawa ya mita 2.2, uzito wa kilo 8 hivi, na injini ya mipigo miwili ya cc 50 hadi 60, kama DLE-55 au DA-50. Injini za silinda mbili za cc 100 na kuendelea hufuata njia hiyohiyo. Chombo cha namna hii kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kabla hakijaruka. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko ndani ya mji na Msalato uko kaskazini, kwa hiyo toka mbali, kwenye uwazi wa upande wa Bahi au Kongwa, uongee na serikali ya kijiji, na ubebe kizimamoto cha poda. Nyasi za mwezi wa nane huwaka kwa cheche moja.

Ukuta wa mbele na bolti zake

Usitoboe tundu lolote kabla hujaukagua ukuta wa plaiwudi unaobeba injini. Ndege nyingi huja zimeshaunganishwa kiwandani, na gundi ya kwenye kona za ukuta huo mara nyingi imepakwa kidogo mno. Pitisha epoksi ya dakika 30 kwenye kona zote kwa ndani, kisha bandika vipande vya mbao vya pembetatu. Mbao hukauka sana kwetu kuanzia mwezi wa sita, na kiungo kilichokuwa kinashikilia vizuri wakati wa mvua kinaweza kuachia.

Ukuta umeinamishwa kulia kwa nyuzi 2 hadi 3. Usiunyooshe, uliwekwa hivyo makusudi kukabiliana na nguvu ya propela inayovuta pua kushoto. Kwa sababu ya mwinamo huo, katikati ya injini husogezwa kidogo kushoto ili shafti itokee katikati ya boneti. Fuata mistari iliyochorwa ukutani, si kipimo cha katikati ulichopima mwenyewe kwa rula.

Umbali kutoka ukutani hadi kwenye kiti cha propela nimezoea kuupata hivi: navalisha boneti mahali pake, naning'iniza injini, napima mpaka bamba la nyuma la koni ya propela liwe milimita 3 hadi 5 mbele ya boneti. Hapo ndipo nachagua urefu wa nguzo zinazoishikilia injini mbele ya ukuta. Bolti ziwe za M5 zenye washa pana kwa nyuma, la sivyo kichwa kitazama kwenye plaiwudi kidogokidogo na injini itaanza kucheza. Futa oili ya kiwandani kwenye nyuzi za bolti kwa spiriti kabla ya kutia Loctite ya bluu (gundi ya kuzuia bolti zisilegee), kwa sababu haishiki penye mafuta. Bolti za ekzosi ni habari nyingine. Joto lake huiua Loctite hiyo, kwa hiyo zitie washa za kufungia na uzikague kila baada ya kuruka.

Tangi na mipira

Hapa makosa ni ya wale waliotokea kwenye injini ndogo za nitro, zinazotumia methanoli badala ya petroli. Mpira wa silikoni unaofaa kwa nitro huvimba na kuyeyuka kwenye petroli. Tumia mpira wa Tygon au mwingine uliotengenezwa kwa petroli, ndani ya tangi na nje, pamoja na kizibo cha petroli.

Kwa cc 55, tangi la nusu lita linatosha. Ndani yake, kwenye ncha ya mpira wa kuvutia mafuta, kuna risasi nzito (kipande cha chuma) inayofuata mafuta yanakokimbilia ndege ikigeuka. Acha milimita 5 au 6 kati ya risasi na ukuta wa nyuma wa tangi. Ikigusa, itakwama, na ndege ikielekea chini utapoteza moto. Baada ya kufunga, ligeuze tangi kila upande ukiwa umeliweka sikioni. Unatakiwa uisikie risasi ikianguka huru, bila kusita.

Funga kila kiungo kwa tai ya plastiki au waya mwembamba. Mpira wa kupumulia uuzungushe juu ya tangi kabla ya kuutoa chini ya mwili wa ndege, ili usimwage mafuta ndege ikiruka kichwa chini. Kabureta ya Walbro ina pampu yake ndani, inayosukumwa na mapigo ya presha ya krenki, kwa hiyo haihitaji presha ya ekzosi. Pampu hiyo huvuta kwa nguvu, na hapo ndipo tundu dogo kama la sindano linapoleta taabu: petroli haitavuja nje uione, ila hewa itavutwa ndani.

Moto wa plagi, rimoti na umbali kati yao

Kisanduku cha umeme wa plagi kifunge juu ya sponji, angalau sentimita 30 kutoka kwenye risiva (kipokea mawimbi ya rimoti), kikiwa na betri yake pekee. Betri ya LiFe ya seli mbili inafaa kwa visanduku vingi vya sasa bila kidhibiti. Kwa betri yoyote, hasa LiPo ya seli mbili, soma kwanza kiwango cha volti cha kisanduku, kwa kuwa vya zamani vingi huishia volti 6. Fimbo ya kufungua na kufunga mafuta (throto), inayotoka kwenye servo (mota ndogo inayoongozwa na rimoti) hadi kabureta, iwe ya nailoni au iwe na kiungo cha plastiki upande wa injini, kwa sababu chuma kitupu huwa antena ya kuingiza kelele za plagi kwenye risiva.

Swichi ya kuzima moto kutoka kwenye rimoti mimi siikubali kuwa hiari. Seti rimoti ili mawimbi yakipotea mafuta yashuke na moto uzime, kisha ujaribu kweli: injini imezimwa, zima rimoti, utazame servo ya mafuta inaenda wapi.

Plagi ya injini nyingi za kundi hili ni NGK CM6, mwanya wa milimita 0.45 hadi 0.5. Pima kwa kipimo bapa, usikadirie kwa jicho.

Hewa ya kupoza

Usiruke sehemu hii hata kama una haraka. Watu hutoboa boneti mbele wakidhani tundu kubwa ndilo linaloleta ubaridi. Hewa ikishaingia lazima itoke, na ikishapata joto inavimba. Kwa hiyo eneo la kutokea liwe mara mbili hadi tatu ya eneo la kuingilia. Kwa hali yetu mimi nachukua tatu. Tundu la mbele la sentimita 5 kwa 8 ni sentimita za mraba 40, basi chini, nyuma ya boneti, kata 120. Kingo ya mbele ya tundu hilo la chini ikunje kidogo kuelekea nje ili upepo unaopita uinyonye hewa ya ndani.

Kisha ilazimishe hewa ipite kati ya mapezi ya silinda. Kata plaiwudi ya milimita 3, izungushie silinda ukiacha nafasi ya milimita 3 hadi 5, uishike kwa epoksi ndani ya boneti. Ziba matundu ya mbele yasiyoelekea kwenye silinda. Ukimaliza, mulika tochi kwa mbele: kinachoonekana kiwe mapezi tu. Ukiona ukuta wa ndege kupitia pembeni ya silinda, hapo hewa inatoroka bila kufanya kazi. Kwenye injini ya silinda mbili, kila silinda ipate njia yake.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalijui. Mfuniko wa kabureta ulioshikwa kwa skrubu nne una tundu dogo katikati, ambalo kupitia kwake dayaframu (utando mwembamba wa ndani) hupima presha ya hewa ya nje. Ndege ikishika kasi, upepo ndani ya boneti hubadilisha presha hiyo, na kabureta uliyoiseti vizuri chini huanza kutoa mafuta mengi au machache ikiwa angani. Dalili yake ni injini inayoimba vizuri ikiwa imefungwa ardhini na kubadilika sauti kila ikishuka kwa kasi. Dawa ni kuchomelea kijibomba cha shaba kwenye tundu hilo kwa risasi, mfuniko ukiwa umeshatolewa, kisha kuunganisha mpira unaoishia ndani ya mwili wa ndege ambako hewa imetulia.

Propela

Kwa cc 55 anza na inchi 22 kwa 8 au 23 kwa 8 (kipenyo, kisha hatua ya propela kwa kila mzunguko). Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na pia hupunguza mzigo wa propela, kwa hiyo kipima mizunguko kinaweza kukuonyesha namba ileile ambayo mwenzako wa Dar anaipata, huku mvuto ni mdogo. Usidanganywe na namba. Ukiwa na nafasi, pima mvuto kwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa mkiani.

Sawazisha uzito wa propela, kaza bolti zake kwa mtindo wa msalaba, na kama ni ya mbao, kaza tena baada ya kuruka mara ya kwanza na kila asubuhi ya kiangazi. Mbao husinyaa kwa ukavu, na bolti iliyokazwa mwezi wa nne haijakazwa mwezi wa nane.

Mchanganyiko wa mafuta na kuwasha

Kitabu cha injini ndicho kinachoamua kiasi cha oili ya 2T. Lita za kwanza wengi hutumia 32 kwa 1, yaani mililita 156 kwa lita 5 za petroli. Baadaye 40 kwa 1 ni mililita 125. Nunua petroli kwenye kituo chenye wateja wengi, ichuje, na usiiweke kwenye chupa za maji ya kunywa hata kwa safari fupi.

Usiwashe injini juu ya udongo mtupu. Kabureta hizi nyingi hazina chujio la hewa, na propela ya inchi 22 hufukua vumbi jekundu na kulirusha moja kwa moja mdomoni mwake. Tandika turubai au mwagia maji pale unapowashia. Saa moja hadi saa tatu asubuhi upepo umetulia. Mchana wa kiangazi chamchela hutokea bila taarifa.

Funga mkia kwenye kigingi na awepo mtu wa kuushika. Vaa glovu ya ngozi na uvue chochote kinachoning'inia shingoni. Moto ukiwa umezimwa, funga choki, fungua mafuta yote, zungusha propela mpaka uone petroli imefika kwenye kabureta. Kisha rudisha mafuta juu kidogo ya sailensa (kasi ya chini kabisa ya injini kuunguruma), washa moto, piga propela kwa nguvu mpaka injini ipige mlio mmoja mfupi. Fungua choki mara moja na upige tena, nayo itawaka. Kuanzia hapo marekebisho yote yafanyike ukiwa nyuma ya propela, si pembeni yake.

Kuseti kabureta

Sindano ni mbili, L ya kasi ndogo na H ya kasi kubwa. Kukaza kunapunguza mafuta, kulegeza kunaongeza. Anza zote zikiwa zimelegezwa mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho, uiache injini ipate joto kwa dakika mbili tatu.

Anza na L. Ikiwa kwenye sailensa ya mizunguko 1,500 hadi 1,800 kwa dakika, kaza polepole mpaka kasi ipande na ianze kuyumba, kisha legeza moja ya nane ya mzunguko. Fungua mafuta ghafla. Ikizima palepale bila kelele, mafuta ya L ni machache. Ikikohoa na kugugumia kabla ya kupanda, mafuta yamezidi. Halafu H: mafuta yote wazi, kaza mpaka kasi ifike kileleni, kisha legeza mpaka ishuke kama mizunguko 200. Rudi L uikague tena, kwa sababu sindano hizi zinagusana. Mwisho, msaidizi ainue pua juu huku mafuta yote wazi, kwa sekunde chache. Kasi ikishuka, legeza H kidogo.

Seti H asubuhi, hewa ikiwa nzito. Mchana hewa ikipungua uzito, mafuta yatazidi kidogo na injini itakuwa salama. Ukifanya kinyume chake, ukaseti saa nane kwa joto kali, kesho asubuhi hewa nzito itaifanya injini ikose mafuta na kuunguza pistoni. Kwa sababu hiyohiyo, injini iliyosetiwa Dodoma ukiishusha Dar au Tanga, legeza H robo ya mzunguko kabla hujaiwasha, kisha useti upya. Ikipandishwa kutoka pwani kuja huku itagugumia tu, haitaharibika.

Wakati wa lita za kwanza iache iwe na mafuta ya ziada, ubadilishe kasi mara kwa mara, usiiache ikiunguruma kwa kasi moja.

Hitilafu

Injini isiyowaka kabisa, ichunguze moto kwanza. Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe sawasawa kwenye silinda, kisha uzungushe propela. Usiache kofia ikining'inia hewani moto ukiwa umewashwa, kisanduku kinaweza kuungua. Plagi ikipiga cheche na imelowa, umezamisha injini kwa mafuta: zima moto, fungua mafuta yote, ondoa choki, zungusha mpaka pakauke. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikikosa cheche, pima betri ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imepumzika, halafu kiunganishi cha waya wa sensa (inayokiambia kisanduku lini kipige cheche), ndipo uishuku sensa yenyewe.

Inawaka kwa choki na kuzima choki ikifunguliwa: L imekazwa mno, au hewa inaingia kati ya kabureta na injini. Angalia michirizi myeusi ya oili kwenye gasketi. Palipo na mchirizi pana mwanya. Badilisha gasketi, usiongeze nguvu ya kukaza tu.

Inachoka ikipanda wima: tazama mpira wa mafuta injini ikinguruma ardhini. Mapovu yakipita mfululizo, kuna tundu, au tangi linatikisika na kutoa povu. Mapovu yasipokuwepo, toa mpira wa kupumulia uupulize, huenda buu au vumbi limeuziba. Nyigu wa huku hupenda sana matundu ya ukubwa huo.

Dakika mbili za kwanza ina nguvu, kisha inalegea, ukiitua ikapoa inarudi: hilo ni joto. Rudi kwenye plaiwudi na tundu la kutokea kabla hujagusa sindano. Soma plagi baada ya kuruka kwa nguvu na kuzima haraka: rangi ya chai ya maziwa ni nzuri, nyeupe ni mafuta machache au joto, nyeusi yenye kulowa ni mafuta mengi.

Servo zikitetemeka injini ikiwaka, pima umbali wa rimoti injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma. Umbali ukipungua, kagua kofia ya plagi. Kofia ya chuma isiyokaa imara juu ya plagi ndiyo chanzo cha kawaida.

Ndege ikikaa miezi miwili bila kuruka ikiwa na petroli ndani ya kabureta, dayaframu hukakamaa. Injini itawaka kwa shida, itakataa kutulia, na kila ukiseti leo kesho imehama. Usihangaike na sindano. Mafundi wa chenso wanaifahamu kabureta ya Walbro kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu chenso nyingi zinatumia kabureta za aina hiyo, na kifurushi cha dayaframu na gasketi wanajua kukipata ukiwapelekea namba iliyogongwa ubavuni mwa kabureta yako. Ukifungua mwenyewe, fanya juu ya kitambaa cheupe. Chini ya mfuniko wa skrubu moja kuna wavu mwembamba wa kuchujia: utoe kwa ncha ya pini, uusafishe kwa petroli na brashi laini. Vumbi la Dodoma hujikusanya hapo likiwa laini kama unga. Wakati wa kurudisha, upande huo wa pampu dayaframu inagusa mwili wa kabureta, kisha gasketi, kisha mfuniko. Upande wa skrubu nne ni kinyume: gasketi kwanza, halafu dayaframu, halafu mfuniko. Ukizichanganya, injini haitavuta mafuta ipasavyo hata uzungushe propela mpaka jioni.